Jinsi ya kuichambua namba kubwa kwa mkono: 61,741,120 hatua kwa hatua

Namba ya mfano ni 61,741,120, idadi ya watu waliohesabiwa Tanzania katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Ina tarakimu nane, kwa hiyo inajaza kioo cha kikokotoo kidogo cha dukani bila kubakiza nafasi hata moja. Inafaa sana kujifunzia: inamtoa mtu jasho, lakini inamalizika kwa kalamu na karatasi kabla chai haijapoa.

Kazi yote inazunguka jambo moja, nalo ni kuivunja namba katika vigawo vyake tasa. Mstari wa vigawo hivyo ukishapatikana, maswali mengine (ina vigawo vingapi, inagawika kwa ngapi, ni mraba kamili au la) hujibiwa kwa kuzidisha kidogo tu. Anayeyavamia maswali hayo kabla ya kuivunja namba atazunguka sana.

Andaa karatasi ya miraba ili tarakimu zikae kwenye safu zake, kalamu, kikokotoo cha kawaida, na orodha ya namba tasa hadi 200. Orodha hiyo ina namba 46. Iandike mwenyewe mara moja, uihifadhi. Na tusichanganye maneno mawili yanayowachanganya wanafunzi kila mwaka: 7 ni kigawo cha 21, na 21 ni kigawe cha 7.

Hatua ya 1: Hakikisha unayo namba yenyewe

Makosa mengi huingia hapa, kabla hesabu haijaanza. Kiswahili chetu kina mtego wake: "elfu arobaini na moja" inaweza kuwa 41,000 au 40,001, kutegemea msemaji alivuta pumzi wapi. Ndiyo maana wazoefu husema "arobaini na moja elfu". Namba yetu kwa maneno ni milioni sitini na moja, laki saba na arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Ukisomewa namba kwa simu, omba tarakimu tatu tatu: sitini na moja, saba-nne-moja, moja-mbili-sifuri.

Kama namba imetokana na jumla, ijumlishe upya. Sensa iliikuta Tanzania Bara na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Jumla yake ni 61,741,120, sawa.

Sasa ipige namba mihuri miwili utakayoitumia hadi mwisho.

Muhuri wa 9: jumlisha tarakimu. 6+1+7+4+1+1+2+0 = 22, kisha 2+2 = 4. Maana yake ukiigawa namba kwa 9, baki ni 4.

Muhuri wa 11: anzia kulia, toa na jumlisha kwa kupokezana. 0−2+1−1+4−7+1−6 = −10. Ongeza 11 ili upate baki lisilo hasi: 1.

Kwa nini miwili? Muhuri wa 9 hauoni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ukiandika 61,471,120 kwa bahati mbaya, jumla ya tarakimu bado ni 22 na hutashtuka. Muhuri wa 11 unakamata kosa hilo, kwa sababu hapo baki linakuwa 7 badala ya 1. Tarakimu mbili tofauti zinazopakana zikibadilishana nafasi, muhuri wa 11 lazima ubadilike.

Mihuri hii inahakiki na jumla. Bara ina muhuri wa 9 ambao ni 6 (tarakimu zake zina jumla ya 42), na Zanzibar ina 7 (jumla 43). 6+7 = 13, na 1+3 = 4. Imelingana.

Hatua ya 2: Kata mkia

Namba inaishia na 0, kwa hiyo 2 na 5 zote ni vigawo. Gawa kwa 10: inabaki 6,174,112. Hii haiishii na 0 wala 5, basi 5 imetoka mara moja tu na haitarudi.

Endelea kugawa kwa 2 hadi ufike kwenye namba witiri, na uhesabu kila mara:

3,087,056
1,543,528
771,764
385,882
192,941

Ni mara tano. Ongeza ile 2 iliyokuwa ndani ya 10, zinakuwa sita. Hiyo ya sita ndiyo inayosahaulika: mtu anaandika 2⁵ × 5, kisha mwishoni jibu linatoka nusu ya namba na hajui kwa nini.

Hadi hapa: 61,741,120 = 2⁶ × 5 × 192,941.

Waliobobea kwenye michezo ya tarakimu watakuwa wameona kwamba namba inaanza na 6174, namba maarufu ya Kaprekar, mwalimu wa shule wa India. Chukua tarakimu nne zisizofanana zote, zipange kutoka kubwa hadi ndogo, toa mpangilio wa kinyume, rudia. Ndani ya hatua zisizozidi saba utaangukia 6174, na hutatoka tena, maana 7641 − 1467 = 6174. Ni jambo la kufurahisha, ila linahusu namna namba inavyoandikwa katika mfumo wetu wa kumi-kumi. Halitusaidii kupata hata kigawo kimoja.

Hatua ya 3: Jaribu 3, 7, 11 na 13 bila kugawa kwa kweli

Tarakimu za 192,941 zina jumla ya 26. Hazigawiki kwa 3, basi 3, 6 na 9 zote nje.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozipima kwa mpigo, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Igawe namba katika makundi ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na jumlisha kwa kupokezana. Hapa makundi ni mawili: 941 − 192 = 749. Sasa unapima 749 badala ya namba nzima. 749 = 7 × 107, kwa hiyo 7 ni kigawo. Kwa 11 inabaki 1, kwa 13 yanabaki 8. Hizo mbili hazimo.

Njia hii inafanya kazi hata kwenye namba kamili ya mwanzo: 120 − 741 + 61 = −560, na 560 ni 7 × 80. Alama ya kutoa isikutishe, inayopimwa ni kugawika.

192,941 ÷ 7 = 27,563.

Usikimbilie namba tasa inayofuata. Jaribu 7 tena, huenda ikajirudia: 563 − 27 = 536, na 536 kwa 7 yanabaki 4. Haijirudii.

Hatua ya 4: Gawa kwa namba tasa, na ujue pa kuishia

Hapa ndipo watu huchoka, na wengi huchoka kwa sababu hawajui mwisho uko wapi. Kanuni ni hii: namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Vigawo huja wawili wawili, na wote wawili hawawezi kuwa wakubwa kuliko kipeuo, maana zao lao lingeipita namba. 166² = 27,556 na 167² = 27,889, basi kipeuo cha 27,563 kimezidi 166 kidogo tu. Namba tasa ya mwisho ya kujaribu ni 163.

Kupata baki kwa kikokotoo cha kawaida: gawa, chukua sehemu nzima tu, izidishe tena kwa kigawo, kisha toa. Kwa mfano 27,563 ÷ 17 inaonyesha 1,621.3529. 17 × 1,621 = 27,557, basi baki ni 6. Usiamue kwa kutazama desimali peke yake. Kwenye namba ndefu kioo hukata tarakimu, na kitu kinachoonekana kama namba nzima kinaweza kuwa na baki lililofichika.

27,563 kwa 17 yanabaki 6
kwa 19 yanabaki 13
kwa 23 yanabaki 9
kwa 29 yanabaki 13
kwa 31 yanabaki 4
kwa 37 yanabaki 35
kwa 41 yanabaki 11
kwa 43 haibaki kitu: 43 × 641

Sasa 641. Je, ni tasa? Hapa huhitaji kugawa hata mara moja zaidi. Kipeuo chake ni 25 na kitu, hivyo kigawo chake tasa kingekuwa 23 au chini yake. Lakini kigawo chochote cha 641 ni kigawo cha 27,563 pia, na namba tasa zote kuanzia 17 hadi 41 tumeshaona zimeshindwa. 2, 3, 5, 7, 11 na 13 zilishindwa kabla. Kwa hiyo 641 ni tasa. Kila kigawo kinapopatikana, piga upya hesabu ya kipeuo cha namba iliyobaki. Mara nyingi utakuta kazi imekwisha bila wewe kujua.

Mstari wenyewe:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Hatua ya 5: Hakiki

Zidisha kwa mpangilio unaorahisisha: 2⁶ × 5 = 320; 7 × 43 = 301; 301 × 641 = 192,941; 192,941 × 320 = 61,741,120.

Kisha pitisha mihuri. Kwa 9: 64 inatoa 1, halafu 5, 7, 7 (kutoka 43) na 2 (kutoka 641). 1×5×7×7×2 = 490, tarakimu 4+9+0 = 13, yaani 4. Ndiyo muhuri tuliouanza nao. Kwa 11: 9, 5, 7, 10 na 3, zao ni 9,450, na baki lake ni 1. Sawa tena.

Hatua ya 6: Vuna

*Idadi ya vigawo.* Kila kigawo kinaundwa kwa kuchagua 2 ngapi uchukue (kuanzia sifuri hadi sita, njia 7), kisha uamue kama unachukua 5, 7, 43 na 641 au la (njia 2 kila moja). 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Kosa la kawaida ni kutumia kipeo 6 (ile namba ndogo iliyo juu ya 2) bila kuongeza 1, ukapata 96. Hapo umesahau vigawo visivyo na 2 kabisa.

*Jumla ya vigawo vyote.* Kwa 2⁶ chukua 1+2+4+8+16+32+64 = 127. Kwa tasa zilizotokea mara moja, ongeza 1: 6, 8, 44, 642. Zidisha: 127 × 6 = 762; × 8 = 6,096; × 44 = 268,224; × 642 = 172,199,808. Hatua ya mwisho ina tarakimu tisa, na kikokotoo cha tarakimu nane kitakuonyesha herufi E. Dawa yake: piga 268,224 × 64 = 17,166,336, weka sifuri kwa mkono (171,663,360), kisha ongeza 268,224 × 2 = 536,448.

Ukiitoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinafikia 110,458,688, yaani vinaizidi namba iliyovizaa. Ingekuwa sawa kabisa, kama ilivyo kwa 28 (1+2+4+7+14), tungeiita namba timilifu. Hii imepitiliza.

*Mraba kamili?* Hapana. Mraba kamili huwa na vipeo vyote shufwa, na hapa 5, 7, 43 na 641 zina kipeo 1. Wala haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili: 7 na 43 zote zikigawanywa kwa 4 zinabakiza 3, na zina kipeo witiri. Hilo linatosha kuikatalia.

*Mstatili unaokaribia mraba.* Kipeuo cha pili ni kama 7,857.5. Upande mmoja lazima uwe na 641 ndani yake, kwa hiyo tafuta kigawo cha 96,320 (namba yetu ikigawanywa kwa 641) kilicho karibu na 12 (7,857.5 ikigawanywa kwa 641). 11, 12 na 13 hazimo. Zipo 10 na 14. 14 inatoa 8,974 × 6,880, na hiyo ndiyo jozi iliyokaribiana kuliko zote 56. Kutoka hapo unapata tofauti ya miraba: nusu ya jumla ni 7,927, nusu ya tofauti ni 1,047, na 7,927² − 1,047² = 61,741,120.

*Namba zisizoshirikiana nayo kigawo.* Kati ya 1 na 61,741,120, zile ambazo kigawo pekee cha pamoja ni 1 zinahesabiwa hivi: 32 × 4 × 6 × 42 × 640 = 20,643,840. Ni theluthi moja na kidogo. 32 imetoka kwa 2⁶ − 2⁵, na zilizobaki ni kila tasa ikipunguzwa 1.

*Desimali ya 1 ÷ 61,741,120.* Tarakimu sita za kwanza baada ya nukta hazimo kwenye mzunguko, kwa sababu kipeo kikubwa kati ya cha 2 na cha 5 ni 6. Kisha mzunguko unaanza. 1/7 hujirudia kila tarakimu 6, 1/43 kila 21, 1/641 kila 32. Kigawe kidogo cha shirika cha 6, 21 na 32 ni 672, kwa hiyo mzunguko una tarakimu 672. Hakuna kikokotoo cha mfukoni kitakachokuonyesha hilo, lakini mstari wa vigawo umekupa.

*Kugawana sawasawa.* Inagawika kwa 2, 4, 5, 7, 8, 10, 14, 16, 20, 28, 32, 35, 40, 43 na kuendelea. Kwa mikoa 31 ya Tanzania? Haigawiki, ila imekosea kwa mtu mmoja tu: 31 × 1,991,649 = 61,741,119.

Namba ngumu zaidi, na namba mbili kwa pamoja

Namba yetu ilikuwa na huruma, ilivunjika mapema. Jaribu idadi ya watu wa Kenya katika sensa ya 2019: 47,564,296. Ukikata mkia inabaki 2³ × 5,945,537. Makundi ya tatu tatu: 537 − 945 + 5 = −403, ambayo ni 13 × 31, hivyo 13 imo. Inafuata 19, inabaki 24,071. Hapa hakuna njia ya mkato: kipeuo ni 155 na kitu, na utagawa hadi 151 bila kupata chochote. Ndivyo namba tasa inavyojitambulisha, kwa kukukatalia hadi mwisho. Jibu ni 2³ × 13 × 19 × 24,071.

Kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizi mbili kinaonekana wazi: 2³ = 8. Ila kama shida yako ni hicho tu, usizivunje kabisa. Gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawa ndogo kwa baki, endelea:

14,176,824 → 5,033,824 → 4,109,176 → 924,648 → 410,584 → 103,480 → 100,144 → 3,336 → 64 → 8 → 0

Baki la mwisho kabla ya sifuri ni 8. Migawanyo kumi na moja, na hukuhitaji kuijua hata namba tasa moja. Njia hii ni ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, na kompyuta za leo bado zinaitumia.

Namba zikizidi tarakimu kumi

Kugawa kwa mkono kunachosha haraka: kila tarakimu mbili zinapoongezeka, kipeuo kinakua mara kumi. Hamia kwenye kompyuta, lakini chagua chombo. Jedwali la Excel linatunza tarakimu 15 tu. Namba ya tarakimu 16 ikiingia, ya mwisho inageuka sifuri kimyakimya, na kila utakachopima baadaye ni cha namba nyingine. Lugha ya programu ya Python inatunza namba nzima kikamilifu hata zikifika mamia ya tarakimu. Kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux, andika amri factor 61741120 na utaletewa 2 2 2 2 2 2 5 7 43 641.

Tahadhari moja kuhusu majaribio ya haraka ya utasa. Jaribio la Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, linasema: kama p ni tasa kubwa kuliko 2, basi 2 ikipandishwa kwenye kipeo p − 1 na kugawanywa kwa p inabakiza 1. Kinyume chake si cha kuaminika. 341 inafaulu jaribio hilo, na ni 11 × 31.

Mfano mkubwa zaidi unaturudisha kwa 641. Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Uthibitisho unaandikika kwenye kiganja: 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kutokana na ya kwanza, 5 × 2⁷ ni sawa na −1 ukihesabu kwa mabaki ya 641, basi 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Kutokana na ya pili, 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka moja ndani ya nyingine: −2³² ni 1, yaani 2³² + 1 inagawika kwa 641.

Namba hiyo hiyo inafaulu jaribio la Fermat kwa kutumia 2. Badilisha 2 uweke 3, inaanguka. Kwa hiyo usiishie kwenye 2; jaribu angalau misingi mitatu minne tofauti. Na kumbuka kwamba jaribio likishindwa linakwambia tu namba si tasa. Halikuonyeshi 641, hiyo utaitafuta mwenyewe kwa kugawa.